Yule Bibi Mfaransa Aliyeuandika Utani Wangu

Mimi nimepika miaka kumi na moja bila jiko. Usicheke. Jiko lilikuwepo, tena zuri, vigae mpaka darini, na bomba lake likitoa maji moto kama limekasirishwa. Lakini mwenye nyumba alikuwa bibi Mfaransa, mtunga vitabu, na katika nyumba nzima ile yenye baraza la kutazama bahari ya Munje, hakuona pa kuandikia ila jikoni. Husimama pale kwenye meza ya kukatia vitunguu, kalamu mkononi, karatasi za manjano mbele yake, tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Mimi nikatolewa nje na masufuria yangu, nikawa napikia uani juu ya mafiga kama niko matangani. Watu wakipita njiani huniuliza, "Kafa nani?" Nawajibu, "Jiko."

Haya nayasema kwa mdomo tu, anayeandika ni binti wa jirani. Kalamu na mimi hatujajuana. Nimemwambia asininyooshee maneno, na nikitia chumvi aiache hapo hapo, isipokuwa mahali pamoja. Tukifika mahali hapo nitamwambia.

Bibi alinieleza maisha yake kidogo kidogo, kama mtu anayetoa miba mguuni. Kazaliwa mji wa pwani huko kwao, lakini pwani ya baridi, mvua inanyesha mpaka samaki wanataka mwavuli. (Hiyo ya mwavuli nimeongeza mimi.) Baba yake alikuwa akipasua samaki kiwandani, mama yake akifua nguo za watu. Nyumba yao yote moto uko jikoni tu, basi kusoma akasomea jikoni, na alipoolewa akaandika jikoni, mtoto mmoja pajani na mwingine akimvuta sketi. Mumewe mwalimu. Kila karatasi aliyoandika mkewe aliipitia kwa wino mwekundu. "Alikuwa akizitia majeraha, bwana mpishi," kaniambia siku moja, naye anacheka, lakini macho hayacheki.

Kitabu chake cha kwanza wachapaji walikikataa mpaka akazoea, akawa akirudishiwa bahasha anaifungua huku anamenya viazi. Halafu mmoja akakubali, na watu wa kwao wakakipenda, ikawa akienda kununua mkate anatazamwa kama bibi harusi. Mume kafa. Watoto wakakua, wakaenda zao. Nyumba ikabaki na vyumba vingi na hakuna moto hata kimoja. Ndipo akaja Diani kupumzika wiki mbili, akafika mpaka huku kwetu Munje. Wiki ya pili haijesha mpaka leo.

Kiswahili chake alikisoma vitabuni, kimepigwa pasi. Ana shikamoo ya kila mtu, mpaka mbuzi wangu alikuwa akimwamkia. Na akiandika hunong'ona, mara sauti ya kiume, mara ya mtoto, mara anagombana na nafsi yake. Juma la kwanza nilijua ana jini. La pili nikajua jini ndiye mimi, maana akishamaliza kikombe cha pili cha kahawa hufungua mlango wa uani na kusema, "Haya, bwana mpishi. Niambie." Kabla ya kikombe cha pili usimsemeshe hata kama nyumba inaungua. Baada yake, sema utakalo.

Nami nikasema! Nilimwambia juu ya papa aliyeniuma akavunjika jino, kesho yake akarudi kulalamika. Nilimwambia juu ya mzee wa kijiji chetu, akikoroma madafu yanaanguka, majirani huweka vikapu chini ya mnazi kabla hajalala. Nilimwambia juu ya mchuuzi mmoja wa samaki, kijana mwenye sauti kubwa, kwamba siku ya harusi yake aliogopa mpaka akataga yai, mkwewe akalikaanga.

Siku moja akaniuliza, "Haya yote ni kweli?"

"Kweli kabisa, mama, ila hayajatokea."

Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Basi wewe na mimi kazi yetu moja," akasema, akarudi kuandika. Ningekuwa na akili, ningemwuliza pale pale kazi hiyo ni ipi.

Sasa nikueleze habari ya binamu yangu, maana kosa langu limelala hapo. Ni mtoto wa mjomba, kaka wa mamangu, mtu mzima kuliko mimi, mjane asiye na mtoto, kazi yake kuchoma chokaa. Anapanga magogo duara, juu yake mawe ya tumbawe, anatia moto, jiwe linaiva linakuwa chokaa. Macho yake mekundu tangu ujana kwa moshi wa tanuri. Kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani tangu kuzaliwa mpaka kaburini, na hata hapo kaburini: akifa yeye, mimi ndiye mwenye ruhusa ya kujilaza ndani ya shimo niwaambie watu, hili limenitosha mimi, mchimbieni lake. Nikimtukana hakasiriki. Akikasirika anatozwa kuku. Ukituona tunaamkiana kwa adabu, "Habari yako, ndugu yangu," jua tumekosana.

Basi yeye alikuwa akija uani kwangu, anakaa, anakula, anatema maneno. "Huyu samaki alikufa mara moja baharini, we mpishi wa matanga umemuua tena kwa chumvi." Nami nampa zake: "Nyamaza, mpanda fisi. Jana umekwenda Tanga kula harusi na kurudi, mbuzi wangu hajamaliza kucheua." Tunacheka, anakula sahani ya pili.

Bibi alikuwa akitusikia dirishani. Na mimi, baada ya kikombe cha pili, nikamsimulia kuhusu binamu. Nikashusha sauti, nikatazama nyuma, maana hadithi bila kutazama nyuma haina ladha. Nikamwambia, unajua kwa nini chokaa yake ni nyeupe kuliko ya wote? Huwafuata baharini waliozama, akawatoa, akawatia tanurini. Bibi akaacha kalamu. Akanitazama. Nikaona nimempata, nikaongeza.

Siku hizo palikuwa na kijana mmoja hapa kijijini, yu hai, anacheza mpira pale uwanjani. Alikuja kupotea baharini miaka miwili baadaye. Chombo kilipinduka, yule mchuuzi wa samaki alikuwa naye, mchuuzi akarudi akiogelea, mwenzake hakurudi. Hata nguo haikuonekana. Mama yake alikaa mwezi mzima akienda ufukoni kila maji yakipwa, anageuza mwani kwa mguu.

Halafu kitabu kikaja. Bibi alipokea bunda kutoka kwao, akanipa kimoja, akaniandikia kitu ukurasa wa mbele. Lo! Nilikibeba kitabu kile kama nimebeba mtoto wa sultani. Nilikipeleka msikitini, nikakiacha kwenye viatu, nikatoka mara mbili kuangalia kama kipo. Nikamwonyesha kila mtu: humu ndani nimo mimi. Hakuna aliyeweza kunipinga maana ni Kifaransa.

Siku ya Jumanne palikuwa na harusi inakaribia, wanawake wamekaa uani kwa jirani wanakuna nazi. Na huyu binti anayeniandikia alikuwepo likizoni; anafanya kazi kule Chale kwa wageni, Kifaransa alikisomea Ukunda. Hakuna aliyenituma. Ni mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii miwili, nikaenda nikamwekea kitabu mapajani.

"Hebu wasomee, mwanangu. Wajue ni nani anawapitia hapa kila siku."

"Mjomba, Kifaransa cha vitabu kigumu."

"Soma unachokiweza."

Akasoma, anaangalia mstari, anatuambia kwa Kiswahili. Papa wangu wakamcheka. Mzee wa kijiji na madafu, wakajipiga mapaja. Mimi nimesimama katikati kama gavana. Akageuza ukurasa, akaendelea tu, hakutangulia kutazama. "Mchoma chokaa ana macho mekundu kama makaa. Watu humwita mla maiti. Bahari ikimchukua mtoto wa mtu, yeye humfuata, akamtia tanurini, na ndiyo maana chokaa yake..."

Mbuzi za kukunia nazi zilikuwa kama kumi, zikikwaruza zote. Zikanyamaza moja baada ya moja. Binti akainua macho. Mama wa yule kijana alikuwa amekaa pale kwenye kizingiti, kifuu mkononi. Alikiweka kifuu chini polepole, kama kina maji, akainuka, akaenda zake.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikasema, "Jamani, huo ni utani wangu mimi na binamu!" Hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wanatazama kitabu.

Jumatano watu wakimwona binamu wanavuka njia. Mtungi wake wa maji ulikutwa umevunjwa. Dukani nikasikia mtu anasema, "Kumbe Ulaya wanajua, sisi hapa ndio tumelala." Nilisema ni uongo, ni wangu, nimeutunga mimi nikiwa naunga mchuzi. Mwenye duka akanitazama kwa huruma. "Wewe unamwogopa," akasema. "Hata sisi tungekuwa na jamaa namna ile tungemwogopa."

Alhamisi asubuhi binamu kaja uani kwangu. Hakutukana. Kashika karatasi.

"Nimeikuta mlangoni," akasema. "Nisomeshee."

Mimi na yeye tukaitazama karatasi ile, watu wazima wawili, kama tunatazama nyoka hatujui ana sumu au hana. Bibi yumo jikoni, kikombe cha kwanza bado kimejaa. Katika miaka yote ile sijawahi kuligusa lile dirisha kabla ya wakati. Niligonga.

Alifungua amekasirika. Akachukua karatasi, akaisoma kwa sauti, na kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi, kama anatuamkia. "Mla maiti. Ijumaa baada ya sala uwe umeondoka. Tukikukuta, utaingia mwenyewe katika tanuri lako." Maneno yakatoka yote kinywani, halafu maana ikamfika nyuma yake. Nikaiona inafika. Alishika meza.

"Mla maiti," akasema. "Hili neno ni langu."

"Ni lako, mama. Mengine yote ni yangu."

"Lakini hii ni riwaya!"

"Riwaya ni nini?"

"Ni uongo... ni uongo ambao mwandishi na msomaji wamekubaliana ni uongo."

"Hapa nani alikubaliana?" binamu akauliza. Ndiyo mara ya kwanza kumsemesha bibi moja kwa moja.

Nikamweleza utani. Nikamweleza wa mtoto wa mjomba, wa kuku, wa kaburi. Bibi anasikiliza, rangi inamtoka, na hakuwa na rangi nyingi ya kutoka.

"Nilidhani unamwogopa," akasema. "Ulikuwa unashusha sauti. Ulikuwa unatazama nyuma. Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mama. Mtu akicheka, mwenzake hamwulizi kama anacheka."

Akataka kumtia kwenye gari, ampeleke Mombasa siku hiyo hiyo. Binamu akakataa. Tanuri lake limekwisha kupangwa, siku tisa amebeba mawe mgongoni, na Ijumaa ndiyo siku ya kulitia moto. "Na nikiondoka," akasema, "nimekiri. Nitakufa mla maiti huko Mombasa badala ya hapa." Tulikwenda kwa chifu, tukaambiwa yuko Kwale mkutanoni, atarudi Jumamosi. Mzee wa kijiji akasema atakuja, lakini alikuwa akisema huku anafunga dirisha.

Binamu alipoondoka hakunitazama. Nilimwita, "We mpanda fisi!" Nikitaka anijibu, hata anitemee mate. Akasema bila kugeuka, "Ahsante kwa kunisomeshea, ndugu yangu."

Ndugu yangu. Wallahi afadhali angenipiga na jiwe la tumbawe.

Hapa ndipo nilipomwambia binti, usiache chumvi hata chembe.

Ijumaa binamu alivaa kanzu, akaja msikitini na watu wale wale. Akasimama safu ya pili. Kulia kwake watu wakajisogeza, kushoto wakajisogeza, akabaki peke yake kama jino moja. Mimi nilikuwa safu ya nyuma. Nikapita mbele nikasimama bega kwa bega naye upande wa kulia. Kushoto hakuna aliyekuja. Tukasali hivyo.

Baada ya sala akaenda kwenye tanuri lake, akakaa juu ya kigoda. Nikakaa mchangani karibu yake. Watu wakaja. Si wengi kama ningependa kukwambia, kama arobaini, na nusu yao walikuja kutazama tu. Mbele ni yule mchuuzi wa samaki, ana dumu la mafuta ya taa. Nyuma yao alikuwepo mama wa kijana, amejifunga leso kichwani, peke yake.

"Mzee, ulipewa barua," mchuuzi akasema.

"Sijui kusoma."

"Ulisomewa."

"Nilisomewa. Nimekaa."

Mchuuzi akafungua kifuniko cha dumu. Harufu ikatufika. Mimi nikainuka. Nikasema mbele ya wote kwamba mimi ndiye mwongo, maneno yale nimeyatunga mimi, kijana yu hai siku hizo, na huyu ni mtani wangu, mtoto wa mjomba wangu, na wote hapa wanajua.

"Miaka yote hii nawaambia nimemwona pweza amevaa kanzu anakwenda Ijumaa. Mlicheka! Hamkuamini hata siku moja. Hili mbona mnaliamini?"

Mchuuzi akanijibu taratibu, kama anamweleza mtoto. "Lile la pweza halikuandikwa."

Ndipo gari la bibi likafika. Alishuka na kitabu, na binti huyu nyuma yake analia. Bibi ana miaka zaidi ya sabini, mfupi, amekonda. Kati ya watu wale alionekana kama kijiti cha ubani. Akasema shikamoo kwa wakubwa, marahaba kwa wadogo ambao hawakumwamkia. Halafu akasema, "Mimi ndiye niliyeandika. Kazi yangu ni kusema uongo. Nimeifanya tangu ujana wangu. Uongo huo ndio uliosomesha watoto wangu."

"Sasa anaogopa kesi," mtu mmoja akasema nyuma.

Bibi hakubishana. Akampa binti kitabu. "Soma mahali nilipotia alama. Yote."

Binti akasoma. Papa aliyelalamika jino. Mpishi wa bibi ambaye huunguza wali kila Jumatatu na kuuzika mchangani.

"Hilo mimi sikusema!" nikaruka. "Hilo ni uzushi!"

"Nilizua mimi," bibi akasema. "Nimewaambia ni kazi yangu."

Kuna mtu alicheka, akajizuia. Binti akaendelea. Mzee wa kijiji anakoroma, madafu yanaanguka. Mzee wa kijiji mwenyewe alikuwa amefika hapo, amesimama pembeni, watu wakamgeukia.

"Aka! Mimi sikoromi," akasema.

"Kimeandikwa," mtu akamjibu.

Halafu binti akafika pale. Akasita, akamtazama bibi, bibi akamwashiria kwa kichwa aendelee. "Mchuuzi wa samaki mwenye sauti kubwa," akasoma, "siku ya harusi yake aliogopa mno, akataga yai. Mama mkwe akalikaanga kwa kitunguu."

Mchuuzi akaliinua dumu. Nilidhani atatumwagia sote. Bibi akamsogelea, akasimama mbele yake, kichwa chake kinamfika kifuani.

"Mwanangu," akamwambia, "ikiwa kitabu ni kweli, ni kweli chote. Je, ulitaga?"

Mtu mmoja huko nyuma, sijui nani mpaka leo na Mungu amzidishie, akalia kama kuku. Ko-ko-ko-koo. Na pale watu wakapasuka. Nimechekesha watu maisha yangu yote sijapata kusikia kicheko kama kile. Kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wameogopa wenyewe walichokuja kufanya. Mzee wa kijiji anacheka, waliokuja kutazama wanacheka, na dumu likachukuliwa mkononi mwa mchuuzi bila hata yeye kuona limechukuliwa.

Mchuuzi hakucheka. Alikaa chini juu ya jiwe, akashika uso. "Nilimshika mkono," akasema. "Nilimshika, ukateleza." Na watu wakaacha kucheka, wengine wakaondoka kimya kimya, wanatazama miguu yao.

Aliyebaki kusimama ni yule mama. Hakuwa amecheka hata kidogo. Akaja mpaka mbele ya binamu yangu.

"Kwa hiyo mwanangu hayumo humu," akasema.

"Hayumo, dada."

"Nami nilishasema moyoni, angalau nitajua alipo."

Bibi akakichukua kitabu mkononi mwa binti, akakifunga.

Binamu akainuka kwenye kigoda. Akavua kanzu, akaikunja, akaiweka juu ya mchanga. Halafu akaanza kulibomoa tanuri. Siku tisa za mgongo wake, analishusha jiwe moja moja, kila jiwe anamwonyesha mama, anageuza upande huu, anageuza upande ule, analiweka kando. Tumbawe lingine lina matawi, linafanana na vidole, na akifikia la namna hiyo mama hushika pumzi. Yeye analivunja taratibu, anamwonyesha ndani ni jiwe tupu. Nikaenda kumsaidia. Mchuuzi naye akaja, macho yamevimba. Tulishusha mpaka tukafikia magogo, na chini ya magogo mchanga, na mama akainama akauchota mchanga ule, akautazama, akaumwaga.

"Ahsanteni," akasema. Akaenda nyumbani kwake. Kesho yake watu wakamsomea mwanawe hitima, bila mwili. Mpaka siku ile alikuwa amekataa.

Bibi aliwaandikia wachapaji wake waondoe kurasa zile. Wakamjibu kitabu kimeshasambaa, na hata hivyo ndizo zinazopendwa. Alisoma barua hiyo amesimama mezani pake, akaitia ndani ya bahasha, akaanza kumenya viazi. Hakushika kalamu mwezi mzima. Akanirudishia jiko, nikapika ndani siku tatu, nikarudi uani mwenyewe, vigae vinanitisha. Sasa anaandika tena, anaandika habari za kiwanda cha samaki na baba yake. Bado hufungua mlango baada ya kikombe cha pili na kusema, niambie. Lakini nikitaja mtu, kwanza huuliza, "Huyu ni mtani wako?" Nikisema ndiye, huweka kalamu chini na kusikiliza tu.

Binamu alijenga tanuri jingine. Chokaa yake ingali nyeupe kuliko ya wote. Nilikuwa nikikutana naye njiani, namwambia mpanda fisi, namwambia nimekuchimbia kaburi fupi ukunje miguu. Ananijibu, "Habari za nyumbani, ndugu yangu. Watoto hawajambo?" Anasimama mpaka nimjibu, kwa adabu zote, kama niko ofisi ya serikali. Mvua za masika zimekuja zimepita, ananiamkia tu. Nikampelekea kuku, nikasema nimejitoza mwenyewe. Akampokea, akashukuru.

Mwezi uliopita bibi alitaka kuta zipakwe chokaa, akamwita. Alifanya kazi asubuhi nzima, hatukusema ila habari na njema. Adhuhuri nikamwekea sahani, wali wa nazi na mchuzi wa changu, nikaenda zangu kusugua sufuria ili asione namtazama. Akala tonge la kwanza. La pili. Bibi amesimama mlangoni na kikombe chake.

Binamu akamgeukia bibi, si mimi. "Mama," akasema, "mwambie mpishi wako chumvi imezidi."

Bibi akanitazama. Nilikwenda kwenye sufuria, nikachota mchuzi kwa kijiko, nikaonja. Nikaonja tena, maana sikuamini ulimi wangu.

Chumvi ilikuwa sawasawa.